Nyati Juu ya Mississauga

Jumamosi. Baridi ya kugandisha kope.
Kilimani Danville tupo wanne na chupa moja ya chai,
na ndege za Pearson zashuka taa nyuma ya taa,
kama tasbihi inayovutwa na mkono wenye haraka.

Bwana Purdie hizo hazimshughulishi.
"Boeing," asema bila kuinua darubini,
kama mchuuzi anavyotaja bei ya nyanya.
"Airbus. Boeing. Airbus tena."
Balwinder, teksi yake ikipoa maegeshoni,
anasoma simu: hii ya Frankfurt, ile ya Delhi, imechelewa saa mbili.
Luzviminda katoka zamu ya usiku hospitalini,
anaandika namba kwa kalamu aliyosahau kuirudisha wodini.

Mimi sina darubini.
Nina glavu za bohari la Brampton, zimetoboka kidole gumba,
na mazoea ya kusimama karibu na uzio.

Saa nne na dakika kumi, pengo.
Foleni ya taa ikakatika.
Kuna kitu huko juu kimepishwa njia.
Simu ya Balwinder haina jibu:
ramani, mawingu, hakuna jina.
"Ya jeshi," asema. "Au ya tajiri."
Darubini ya Purdie ikapanda, mikono ikimtetemeka
kwa umri na kwa hamu.
"Injini mbili. Propela. Dash hiyo?"
"ATR," asema Luzviminda, "huoni mkia?"
"Mkia ninauona. Pua ndiyo imefichwa."
Wakabishana, na wingu likakaa katikati
kama shahidi asiyetaka kusema.

Nikavua glavu.
Nikaweka kiganja juu ya bomba la uzio.
Chuma kikaning'ata,
kisha kikaanza kusema.

Kwanza kwa mbali: kundi, kwato.
Halafu ule ugomvi wa propela mbili zisizopatana,
moja ikitangulia nusu pumzi, nyingine ikiifukuza,
na mimi nina miaka tisa, Lokichogio,
na vumbi, na magunia ya mtama yenye maandishi ya buluu,
na baba, mpakiaji, masikio yameshaliwa na injini,
ameinama, mkono juu ya pipa tupu la mafuta,
anatuambia kabla mnara haujajua:
"Hercules huyo. Yule Antonov, mlevi.
Na huyu, sogezeni mbuzi, huyu Nyati."

"Nyati," nikasema.
Wakageuka. Neno halikuwapa kitu.
Nikatafuta la kwao, nikalipata: "Buffalo."

Purdie akashusha darubini.
"Haiwezekani," sauti ikamwishia njiani.
"Walizistaafisha. Mimi mwenyewe, pale Downsview,
nilipiga ribiti mabawani mwake, nina miaka kumi na tisa."
Ribiti ngapi? Hakuna aliyeuliza.

Ndipo wingu likaachia.
Akatoka mzito, mkia juu,
manjano yamembabuka mbavuni,
anakuja polepole, ungedhani anachagua nyasi,
na nyuma yake Airbus za dunia nzima
zinazunguka zikimngoja.
Akatupita. Theluji ikapukutika uzioni.
Luzviminda akasoma herufi kwa sauti, simu yake ikinasa kila kitu,
Balwinder akasahau kupiga picha.
Purdie alivua kofia, katika baridi ile.

Kisha akanipa daftari.
"Andika wewe, uliyemwona kwanza."
Sikumwona, nilitaka kusema.
Nikaandika saa, herufi tano, upepo,
na penye aina ya ndege nikaandika: Nyati.

Usiku nikatuma nyumbani ile sauti, sekunde arobaini.
Kaka yangu Ekal akajibu kulipokucha kwao:
Mzee kafudikiza sufuria, kailaza simu juu yake,
kaweka kiganja, kafumba macho.
Kairudia mara sita.
Anasema ndiye.
Anasema pia umwambie rubani
injini ya kulia inakohoa,
asiondoke nayo hivyo hivyo.