Robo ya Koili

Mwaka ule Chiatura umeme ulikuja kwa kubahatisha.
Vibanda vya kamba, vya kuwavusha wachimbaji juu ya mto,
vilikwama hewani, kimoja sawasawa juu ya duka la mikate,
tukavizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kila mwanafunzi aliingia darasani na gogo moja kwapani.
Asiye na gogo alikaa dirishani.
Mwalimu Nazibrola alivaa glavu zilizokatwa vidole,
ncha zake nyekundu zikiishika chaki:
hii betri, mistari miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi;
hii swichi, mlango ulioachwa wazi;
na hiki kisanduku kirefu, kitupu,
ni ukinzani.
"Andikeni," akasema. Wino ulikuwa umeganda.
Tukaupulizia pumzi.

Umeme wenyewe haukuwepo siku ile, lilikuwepo jina lake.
Basi akatumia ngazi za majengo yetu:
ghorofa tisa, lifti imekufa, watu na ndoo za maji.
Ngazi zikiwa ndefu, mkondo unachoka.
Zikiwa nyembamba, mabega yanasugua kuta.
"Kule kusuguana," akasema, "ndiko joto."
Badri akauliza kama ukinzani ni kitu kizuri au kibaya.
"Inategemea uko jikoni au uko ndani ya ukuta."
Hakuna aliyecheka. Sikuelewa, nikaandika tu.

Nyumbani tulikuwa na tofali lililochongwa mifereji,
na ndani yake koili ya nikromu, omu arobaini na nane.
Mita ya baba ilisema mia na kumi
pale palipostahili mia mbili na ishirini,
na koili haikuwaka, iliona haya tu.
Nikapiga hesabu pembezoni mwa gazeti:
volti mara volti, gawanya kwa omu.
Zamani wati elfu moja. Sasa mia mbili na hamsini.
Volti zimepungua nusu, joto limebaki robo!
Ndiyo maana bibi Makvala alilala na koti.

"Baba," nikasema, "kata koili. Bakiza robo."
Murman, baba yangu, hakuwa mtu wa kusikiliza watoto.
Alinitazama, akatazama gazeti, akachukua koleo.

Ikawaka! Rangi ya punje za komamanga.
Usiku wa kwanza bibi alivua koti.
Wa pili alivua soksi, nikaiona miguu yake
kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.
Wa tatu baba aliwaita majirani waje waone,
akasema, "Tsiuri alipiga hesabu," akasema tena,
na mimi nikajifanya nasoma.

Usiku wa nne, saa tisa, umeme ulirudi mzima.
Friji zikanguruma jengo zima,
watu wakapiga makofi gizani kwenye ngazi,
na juu ya duka la mikate kibanda kilitikisika, kikanyamaza.
Koili yetu ikawa nyeupe.
Wati elfu nne, ampea kumi na nane,
na mahali pa fyuzi baba alikuwa ameweka msumari
tangu vuli, maana fyuzi hazikupatikana.
Ukuta ulianza kunuka.
Bibi, ambaye usingizi ulimkimbia miaka mingi,
alivuta plagi, mkono ukiwa ndani ya mkono wa koti.
Hata hivyo kidole gumba kilivimba.

Mwalimu Nazibrola aliisoma hesabu yangu kimya, mara mbili.
"Hakuna kosa," akasema.
"Lakini umeandika mia na kumi kana kwamba ni yako."
Kisha akauliza kuhusu msumari.
Niliangalia gogo langu.

Vipande vitatu tulivikuta kwenye droo ya vifungo.
Baba aliviunga kimoja kimoja, akisokota ncha kwa koleo,
bila kuniangalia, kisha akanipa nishike kile cha mwisho.
Bibi alitukalia karibu, kidole chake ndani ya siagi,
akiomba soksi zake.