Kina

Ghorofa ya chini kabisa, nyuma ya Barabara ya Kirinyaga,
ambako vyuma vya magari hugongwa hadi magharibi,
kazi yangu ni kusoma kilichofutwa.

Wiki hii ni daftari la madeni la Mzee Farjallah,
muuza makaa wa Pumwani, marehemu wa siku nyingi.
Amelileta mjukuu wake, Bi Zamzam,
limefungwa kwa leso, linanuka karafuu na panya.
*Mama Tatu, gunia moja.*
*Fundi Songoro, madebe mawili, hajalipa.*
*Songoro tena.*
*Songoro, mwongo.*

Chini ya Songoro kuna mtu mwingine.
Aliandika kwa herufi za Kiarabu, akitokea kulia;
makaa yanatokea kushoto;
wanapokutana katikati ya ukurasa hawaamkiani.
Wino wake ulioshwa kwa ndimu na chumvi,
karatasi ikaanikwa, ikauzwa
kama kitu ambacho hakijawahi kusema neno.

Kazi hii niliijua kabla ya kuisomea.
Makongeni, nyumba za reli, chumba kimoja.
Kila Januari mama alipakata madaftari ya Musembi,
akakata kipande cha ndara kuukuu,
akasugua hesabu za kaka, insha zake, tiki na makosa,
apate kunikabidhi daftari jipya.
Vumbi la mpira likamjaa mapajani.
Usiku niliweka koroboi ubavuni mwa ukurasa
na mifereji ya penseli ikaamka:
Musembi alikuwa akikandamiza sana.
*Baba yangu ni dereva wa gari moshi.*
Hakuwa.
Juu yake nikaandika: ng'ombe ana miguu minne.

Mwaka alioondoka
(hatukuzika mtu, tuliacha tu kuuliza)
nilikuwa nimefika katikati ya darasa lake la nne.
Kurasa zilizosalia sikuzigusa.
Mama alidhani nimekuwa mvivu.

Jana saa tisa stima ikapotea.
Taa ya zambarau ikafa, kompyuta ikakata roho,
nje jenereta ya jirani ikaanza kukohoa.
Nikawasha tochi ya simu, nikailaza mezani,
nikamwinamia Songoro kwa ubavu, kama zamani.
Polepole, kutoka kulia:

        nyumba nimeikandika
        udongo nikaushika
        vi . . . . . . ka
        leo naambiwa hama

Mtu wa Pangani, labda, mwaka ule walipobomolewa.
Labda. Jina lake limelaliwa na gunia la mtu.
Na mshororo wa tatu umezamishwa na jumla ya Songoro,
mistari miwili chini yake,
kalamu imetoboa karatasi kwa hasira.
Ninachojua ni mizani: nane. Ninachojua ni kina: ka.
*Vidole vimechubuka?* Nahesabu, nane.
*Viatu vimetatuka?* Nane.
*Vitoto vimeamka?*
Hapo nikaacha kuhesabu.
Yote yanaingia. Hilo ndilo linalonitisha,
shimo lenye adabu hivyo,
linalompokea kila agongaye.

Asubuhi Bi Zamzam alikuja na chai kwenye chupa.
Nikamsomea mishororo mitatu, na kimya cha nne mahali pake.
Aliweka kidole juu ya karatasi, akakiacha hapo
mpaka chai ikashika utando.
Kisha: "Na huyu Songoro, alilipa?"
Nikamwambia ukurasa wa mwisho umechanwa.
"Basi tunamdai," akasema, akacheka
mpaka akatafuta pembe ya leso afute macho.

Mkubwa wangu anataka fomu kabla ya Ijumaa.
Ina nafasi moja tu ya mwandishi,
fupi, haitoshi watu wawili.
Nimeandika *Hajulikani*, kwa penseli,
na nimekandamiza.