Magofuni Kunduchi

Mlinzi, Bi Mwanahija, anataka nivue viatu
ingawa paa la msikiti lilishakwenda zake.
"Washirazi walijenga kwa usiku mmoja," anasema.
"Alfajiri chokaa mbichi, wenyewe hawapo."
Shemejiye, mkata tiketi, anashikilia ni majini.

Nguzo ya kaburi ina vishimo vya duara:
humo zilikaa sahani za Uchina
hadi walipokuja wenye patasi.
Natia kidole.
Ubaridi. Utando wa buibui.

"Lipi la kweli?"
Anafagia majani ya mkwaju, hainui macho.
"Kiingilio ulicholipa ni cha kutazama.
Kuamini kuna bei yake."

Ng'ambo, Mtongani, nyundo zinaponda kokoto
za nyumba zisizo na hadithi bado.

Usiku, Sinza, naosha miguu:
kisiginoni chokaa,
mbichi.