Kikombe cha Keri

Kiwandani Burslem tunapima vikombe kwa ukucha.
Kizima hulia, kama kimeitwa kikaitika.
Chenye ufa hukohoa.
Vikombe elfu tatu kwa zamu,
na sikio langu halijawahi kunidanganya.

Jina langu Mwanakheri.
Siku ya kwanza Maureen alilijaribu mdomoni
kama anayeonja uji wa moto,
akaiacha Mwana mezani, akachukua Kheri,
na ile h ikafa kwa baridi ya Januari.
Nikawa Keri.
Sikumwambia kwamba kwetu kukeri ni kuudhi.
Niliitika upesi,
nikacheka hata.

Huku watu huitana bata.
Asante, bata. Nipishe, bata.
Si tusi, ndiyo mapenzi ya mji huu;
hata dereva wa lori mwenye ndevu ni bata.
Mimi ilinichukua miezi mitano,
na jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, mvuani,
natabasamu peke yangu,
bata kweli.

Nilijifunza.
Waliponiuliza, Stoke au Vale,
nilitazama kwanza skafu ya Kelvin, ndipo nikaipenda timu.
Nilijifunza kusema "si vibaya" nina homa,
kulilalamikia jua siku linapotoka,
kuituliza mikono yangu,
maana anayepima haraka huwaharibia wenziwe hesabu.
Kichekesho cha Kelvin nilikicheka Jumanne,
nikakielewa Alhamisi.
Wahenga waliniusia: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.
Hawakusema nilifumbue lini.

Chumba cha chai kina rafu,
na rafuni vikombe kumi na kimoja,
kila kimoja na jina la mwenyewe kwa rangi ya buluu.
Sisi tunaozinywesha nyumba za watu duniani
tunaviringia hivyo kumi na kimoja.
Mimi nilinywea cha wageni,
kile kilichovunjika kishikio.

Kisha ikaja karatasi ya zamu za Jumapili.
Tulikubaliana asitie sahihi mtu.
Gwenda akatia:
mumewe na mashine ya figo, kodi ya nyumba, nini na nini.
Hakuna aliyemtukana.
Ila chai ilipochemka
hakuulizwa sukari ngapi.

Na mimi hakuna aliyeniagiza kitu.
Kiti changu tu, nilikisogeza,
shubiri moja.
Shubiri ilitosha.
Gwenda akala chapati yake ya shayiri amesimama, mgongo ukutani,
jibini ikimdondokea kwenye aproni.
Gwenda, aliyenifundisha kugonga kwa ukucha,
aliyenishika kidole akisema: sikiliza, usitazame.
Aliacha kazi kabla ya Pasaka.

Jumatatu yake, rafuni, kikombe kipya.
KERI.
Nilikishika kwa mikono miwili.
Niseme kweli: nilikwenda kulia chooni,
na haikuwa huzuni.
Baadaye sana ndipo nilipohesabu.
Bado vilikuwa kumi na kimoja.

Wiki jana ameletwa msichana, Zoryana.
Maureen ameshamkata: Zo.
Wakati wa chai alikuwa na kiu,
akanyoosha mkono, akachukua kilichokuwa karibu.
"Hicho kina mwenyewe, bata,"
nikasema.
Sauti ilinitoka laini, ya Burslem kabisa,
mpaka Kelvin akageuka kuona ni nani.
Zoryana akakirudisha. Akaomba radhi mara tatu,
akacheka hata.

Walipotoka wote nilikishusha,
nikakigonga kwa ukucha.
Redio ilikuwa juu.
Nikakigonga tena.