Sina Neno

Fomu inauliza tarehe ya kuzaliwa.
Naandika Januari mosi, kama nusu ya watu wa Kunduz.
Mama alikumbuka theluji tu, na punda aliyekufa wiki ile.
Hakuna kisanduku cha theluji.

Fomu inauliza nilifanya kazi siku ngapi.
Miaka mitatu na miezi minne,
ila mkataba una pengo la wiki tisa:
wiki za hospitali, mguu wangu ukining'inia kwa kamba
kwa bomu lililokuwa limewangoja nyinyi.

Sajini Behnke, umestaafu, unafuga nyuki huko Kassel.
Unanipigia saa nane za usiku wa Islamabad.
"Nangyal, wanataka barua ya kamanda."
Kamanda amekufa. Wewe ndiye uliyenisimulia mazishi yake.
"Basi wanataka cheti cha kifo chake."
Nikacheka.
Gulalai akaamka, akidhani nalia.

Subira huvuta heri, husema watu.
Yangu imevuta mihuri.

Unamkumbuka yule mwenye sepetu,
kwenye shamba la aprikoti, mifereji imejaa?
Alitutazama, akatema mate, akasema jambo.
Bunduki tano zikamgeukia. Ukaniuliza: kasemaje?
Kasema nyinyi ni mbwa, na mimi ni mkia wa mbwa.
Nikalizungusha mdomoni neno lake kama kokwa,
kisha nikakwambia:
kasema maji yamejaa, mpite juu.
Mkapita juu.
Akaendelea kulima, hajui kuwa alikuwa amekwisha kufa.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile
wangu ulibeba mtu mzima na sepetu lake.
Hilo sikuliandika. Fomu haikuliuliza.

Sasa wanadai maelezo yangu yatafsiriwe
na mkalimani aliyeidhinishwa.
Nikawaandikia: mkalimani ni mimi.
Wakajibu kwa sentensi moja, yenye namba ya kifungu.
Mganga hajigangi;
kumbe na mkalimani hajitafsiri.

Nikauza pete ya Gulalai, nikapanda ngazi
hadi kwa kijana mmoja juu ya duka la miwani.
Nilikuwa nimeandika ukweli wote,
pamoja na usiku walipobisha mlango wa kaka yangu,
nami nimejificha ndani ya pipa la unga,
nikajikojolea.
Kijana alipiga chapa bila kuinua macho.
Nikausoma ukurasa ungali moto kutoka kwenye mashine,
nikatafuta ule mstari.
Aliandika: *mwombaji alipatwa na mshtuko.*

Kijerumani chake kilikuwa safi.
Nilitaka kumwambia, ndugu, umekosea.
Kisha nikamwona akipanga karatasi taratibu,
masikio yamemwiva,
nikajua kwamba hakukosea.
Alinisitiri.
Nikalipa, nikamwachia na chenji.

Zimetoka viza tatu. Ya mama haijatoka:
kwa kifungu kile kile, mama si familia.
Spogmai anahesabu kwa Kijerumani mpaka kumi na moja,
kisha anaruka hadi ishirini.
Bibi yake anamsikiliza,
anasema, huko katikati mmeniacha wapi?

Umeuliza tena jana usiku: vipi, Nangyal?
Nikasema, sina neno.

Asali uliyotuma, Sajini,
bado iko forodhani.
Nayo, wanasema, imekuja bila karatasi.