Chupa ya Saba

Mimi ndiye mwosha vioo wa ghorofa ya tatu,
Tartu, upande wa dirisha linalotazama mto ulioganda.
Watafiti huja na kwenda; chupa zao hubaki kwangu.

Februari tangazo lilibandikwa karibu na lifti:
Nafasi moja ya uzamivu. Miaka minne.
Chembe za dhahabu, kipenyo nanomita kumi na tano.
Mwombaji awe na subira. Hapana, hilo halikuandikwa;
ningeandika mimi, lingekuwa la kwanza.

Akaja Maarika kutoka Võru, binti wa fundi magari,
kuchani bado ana mstari mweusi wa grisi.
Mama yake hupiga simu kila Jumapili:
Hiyo dhahabu mnayopika, gramu mnauza kiasi gani?
Naye hucheka: Mama, yote ya mwaka huu
haitoshi hata kipini cha pua.

Wahenga walinena, si kila king'aacho ni dhahabu.
Hawakuiona hii isiyong'aa kabisa:
unaipunguza, unaipunguza, hadi jicho linaikosa,
na maji yanakuwa mekundu kama ya bitiruti.

Mara sita, mekundu.
Mara ya saba, buluu,
buluu ya kijivu, ya mchubuko wa juzi.
Chembe zimeng'ang'aniana, zimezama, basi.
Profesa Virve alivua miwani, akaivaa, hakusema neno.
Maarika alibaki hadi usiku wa manane
akipima upya joto, akipima upya uzito,
akijishuku mwenyewe mstari kwa mstari.
Nikipita na ndoo nikamwona anasoma tangazo jingine:
kiwanda cha rangi, Tallinn, mshahara mara mbili.

Sikulala.
Chupa ya saba naijua.
Siku ile hospitali ya Valga ilinipigia kuhusu kaka yangu,
nami nikaiacha asidi, ile waiitayo maji ya kifalme,
nikasuuza mbio kwa maji ya bomba, nikakimbilia basi.
Maji ya bomba yana chumvi zake. Mtoto wa shule anajua.

Asubuhi nilimngoja mlangoni, kofia mkononi.
Ni mimi, nikasema. Ni chupa. Si wewe.
Nilitegemea machozi, au barua kwa mkuu wa idara.
Alinitazama kitambo.
Kisha akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya.
Bomba lipi? La kushoto au la kulia?
Ulisuuza mara ngapi? Maji yalikuwa ya moto?
Ukurasa ulipojaa ndipo akauliza: Na kaka, hajambo?
Halafu: Nataka uioshe vibaya tena, Heldur, vilevile,
kisha nusu ya vibaya, kisha robo.

Nikavaa glavu.
Miaka ishirini na miwili nimejifunza kuacha kioo bila kitu;
sasa nimesimama mbele ya beseni, mtu mzima na mvi zangu,
najitahidi kukumbuka nilivyokosea.