Arobaini kwa Mia

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, Ljubljana.
Kahawa ya mashine ina ladha ya waya.
Mbele yangu mitabiri hamsini ya kompyuta moja,
ndugu wa tumbo moja waliotofautiana
kwa nusu digrii ya joto, kwa tone la unyevu,
na kufikia Ijumaa hawaamkiani tena.

Kumi na tisa wanaleta radi bonde la Savinja.
Mmoja kati yao anashusha na mvua ya mawe, saa tisa alasiri,
kwa uhakika wa mlevi.
Waliobaki wanasema jua, jua, labda upepo.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nalipwa
kuiona kabla wingu halijazaliwa:
katika hewa ya joto inayopanda kutoka Adriatiki
imebeba unyevu kama mzigo wa magendo,
katika baridi iliyojibanza juu, kilomita tano,
nyuma ya Alpi, ikisubiri mtu asahau mlango.

Napaka ramani. Kijani mashariki. Manjano katikati.
Rangi ya chungwa hapa, hadi mtoni,
halafu nafuta kidogo,
maana mstari huu unapita jikoni kwa watu
na wino haujui kusema takriban.

Naandika: Ijumaa mchana, asilimia arobaini.

Saa mbili simu inalia. Lojze Podpečan wa Braslovče,
ekari tisa za hopsi, ule mmea wa kutia bia uchungu,
imeshapanda nyaya zake mita saba, bado wiki mbili ivunwe.
"Jerneja, itanyesha au hainyeshi?"
"Arobaini kwa mia."
Kimya. Trekta inakohoa nyuma yake.

Arobaini: siku za mwizi.
Lakini mwizi huyu, hata niijue sura yake,
hata niijue njia anayojia,
sijui ataingia nyumba ya nani.

Kisha zimamoto wa kujitolea wa Gomilsko:
Ijumaa ni sherehe yao, maturubai mawili,
wapiga akodiani watatu, soseji kilo mia mbili.
"Tusimamishe hema au tusisimamishe?"
Nikawaambia, simamisheni, ila kamba fungeni mara mbili.
Hilo halimo kwenye ramani.

Alhamisi ndugu thelathini wanakubaliana. Napandisha: sitini.
Ijumaa asubuhi wanagombana upya. Nateremsha: thelathini na tano.
Watu hudhani nababaika.
Inayobabaika ni hewa,
mimi naikimbilia nyuma na kifutio.

Saa nane na nusu, rada: kidoti juu ya milima, kama tone la mchuzi.
Saa tisa kina kichwa.
Saa tisa na robo kina kichwa, mkia na nia.
Kinaelekea Braslovče. Nimesimama, sijui tangu lini.
Halafu, bila sababu niwezayo kuiandika kwenye taarifa,
kinapinda,
kinaruka rangi yangu ya chungwa yote,
kinaruka manjano,
kinajimwaga Šentjur, kwenye kijani,
penye asilimia kumi na tano.

Kumi na tano nayo ni namba.
Hakuna aisikiaye mpaka vioo vya gari vipasuke.

Lojze alipiga kunishukuru,
kana kwamba ni mimi niliyeligeuza.
Gomilsko walicheza hadi usiku wa manane.

Mama hakupiga. Mama anakaa Šentjur.
Alituma picha: jiwe la barafu juu ya mizani ya jikoni,
kando yake yai, ili nipate kulinganisha.
Gramu thelathini na nane.
Chini ameandika:
*Nimeliweka kwenye friza na maharage, kwa kumbukumbu zenu.
Paa la banda la kuku limekwenda. Na kesho?*

Nikafungua ndugu hamsini. Wote wamelala, jua tupu.
Kesho: asilimia tano.
Niliiandika, nikaifuta,
nikaiandika tena,
sikuituma hadi kahawa ikapoa.